UZI: Albamu mpya za hevi metali, zipi zafaa kumaliziwa bando?

KusiMkali (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wadau, na wale wa Bara pia karibuni msione haya.

Nafungua uzi huu kwa sababu nimechoka. Kila nkiingia magrupu ya mziki nakuta watu wabishana kuhusu hevi metali kwa kuskia singo moja, tena nusu, kisha hukumu yatoka hapo hapo: bendi hini imekwisha, hawa wameuza roho, hini kelele. Ukimuuliza albamu yenyewe umeiskiza? Aah, bado. Sasa waihukumu kwa lipi?

Msimamo wangu ni kwamba albamu za metali zinazotoka miaka hii hazikutengenezwa kuskizwa vipande vipande, waziskiza nzima ama uziache, na naamini mtu aliekulia Mombasa ana maskio tayari ya mambo hayo kuliko anavyojijua. Wimbo wa taarab ya kikwetu, mfano ule wa Zein l'Abdin na udi wake, huanza na ala tupu, udi wapita huku na huku, mwimbaji hata kinywa hajafungua, na wazee wametulia na kahawa yao hakuna anaesema ruka mbele. Hio subira ndio metali yaitaka. Iliobaki ni kuzoea makelele ya gitaa.

Chukua Metallica. 72 Seasons ilitoka Aprili 2023 lakini wengi walichokishika ni Lux Æterna, singo iliotangulia Novemba 2022, dakika tatu na kitu, mbio mbio, watu wakashangilia wazee wamerudi ujanani. Walipoingia albamu wakakuta dakika 77 wakaishia njiani. Na kule mwisho kabisa ndiko ilikowekwa Inamorata, dakika 11 na ushei, wimbo mrefu kuliko wote waliowahi kuandika Metallica, ambao katikati mzigo wote washushwa yabaki besi yatembea polepole kama haina pa kwenda kisha gitaa zarudi moja moja. Jina la albamu ni hesabu, misimu 72 ni miaka 18 ya kwanza ya mtu, na Hetfield, mwimbaji wao, yuaimba vile mambo uliyolishwa utotoni yakufuata mpaka mvi. (Sisi wa kaskazi na kusi tungefika utu uzima kwa misimu 36 tu, nafuu yetu.) Sisemi ni albamu isio na doa, katikati kuna nyimbo mbili tatu mimi ningezikata bila huruma. Lakini Inamorata ukiiskiza peke yake haikufanyi kitu, yataka uifikie ukiwa umeshachoka, hapo ndipo yakushika.

Sasa nije kwa ile ninayoipenda zaidi. Opeth wa Sweden, The Last Will and Testament, Novemba 2024. Hadithi ni hini: tajiri amekufa, ni miaka ya baada ya vita vya kwanza vya dunia, watoto wamekusanywa nyumbani wasomewe wasia. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zina ile alama ya kifungu tu kama karatasi za wakili, cha 1 mpaka cha 7, ya nane pekee ndio ina jina. Na kila kifungu chatoa siri, nani damu ya yule mzee na nani si damu yake, nani apata na nani atoka mikono mitupu. Wewe uliewahi kukaa benchi la kesi ya mirathi kwa Kadhi, ukaona ndugu wa tumbo moja walivyogeukiana kwa nyumba ya vyumba viwili Majengo, nikueleze nini tena?

Halafu kuna jambo la sauti. Mikael Åkerfeldt, mwimbaji wao, tangu Watershed ya 2008 hakunguruma tena kwenye albamu, miaka 16 yuaimba safi tu mpaka watu wakamkatia tamaa. Hapa mngurumo umerudi, na haukurudi kufurahisha mashabiki wa zamani, umerudi kwa sababu hadithi yautaka, maneno ya kiburi cha marehemu huwezi kuyaimba kwa sauti ya kubembeleza. Ian Anderson wa Jethro Tull nae yumo, asoma maneno kwa ile sauti yake ya babu mkorofi na filimbi aipiga. Mara ya kwanza utapotea. Ni sawa, potea.

Ya tatu kisha niwaachie uwanja. Blood Incantation wa Denver, Marekani, Absolute Elsewhere, Oktoba 2024. Ina nyimbo mbili tu! The Stargate na The Message, kila moja imekatwa mapande matatu, kila moja zaidi ya dakika 20. Walienda kurekodia studio za Hansa kule Berlin na wakamuita Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream awapigie kinanda cha umeme, kwa hivyo uko ndani ya deth metali nzito ya kuvunja mifupa, ghafla ukuta wafunguka waelea angani na kinanda, waanza kustarehe, kisha dramu zakuangukia tena. Dakika 43 na ushei zote, ukiwa watoka Changamwe jioni na foleni ya Makupa ishajua jina lako yaisha kabla hujafika town.

Haya, leteni zenu. Singo hatutaki, albamu nzima.

---

Mzee_wa_Makaseti

Kijana umeanza vyema lakini umeturuka wazee. Watutajia Metallica kama ndio wakongwe, Metallica hao walikuwa watoto wakati sisi twabadilishana kaseti Mwembe Tayari.

Judas Priest, Invincible Shield, Machi 2024. Rob Halford, mwimbaji wao, alizaliwa 1951, piga hesabu, ana miaka 72 albamu yatoka, na ile sauti ya juu bado yapasua. Na hio si hadithi kubwa zaidi. Richie Faulkner, gitaa, Septemba 2021 wako jukwaani Louisville, Kentucky, wacheza Painkiller, mshipa mkubwa wa moyo ukampasukia kifuani. Akamaliza wimbo! Ndio akakimbizwa hospitali akapasuliwa masaa mengi. Glenn Tipton, gitaa la pili, nae ana maradhi ya Parkinson, alitangaza 2018, ziara hawezi tena na nafasi yake jukwaani huishika Andy Sneap ambae ndie prodyuza wa albamu. Sasa watu wa hali hio wakikutolea nyimbo 11 hazina hata moja ya kulegea, wewe kijana wa miaka ishirini na tano ulielala na feni mpaka saa nne utasema umechoka?

Ninachokipenda kwa albamu hini ni kwamba haijifanyi ngumu. Hakuna hadithi ya kufuatisha kama hio ya wasia. Rifu, kile kipande cha gitaa cha kujirudia, yaingia, kiitikio waweza kukiimba mara ya pili, solo za gitaa mbili zajibizana, imekwisha twende nyingine. Nayo ni kazi, wengi wenu mwadharau wimbo wa kuimbika kama ni dhambi.

Iron Maiden pia, Senjutsu ya 2021, ingawa hapo nakubaliana na wewe kwamba ni ya kukaa nayo. Dakika kama 82, na tatu za mwisho zote kaandika Steve Harris na zote zapita dakika 10. Mke wangu aliuliza kama redio imekwama.

Na kama mwataka kujua hii sauti nzito ya gitaa yatoka wapi, ni kiwandani. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya mabati kule Birmingham akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, na baadae wakazilegeza zaidi zisimuumize, ndio ule mlio wa chini ukazaliwa. Julai 5, 2025 walicheza mara ya mwisho Villa Park, wote wanne wa asili, na Ozzy mwimbaji wao hakumaliza mwezi, alifariki tarehe 22. Kila albamu mnayoitaja hapa yadaiwa na vile vidole.

---

Jirani_Mpole

Nimesoma mpaka hapa kwa sababu uzi ulikuja juu. Nauliza kwa nia njema. Kwani hini si ile miziki ya mashetani? Mafuvu, misalaba imepinduliwa, watu wapiga mayowe. Mtoto wangu wa kidato cha tatu ameanza kuiskiza na mamake hana raha. Yanufaisha nini hasa?

---

BintiTudor

Jirani swali lako ni la haki, nami nikujibu kwa sababu mamangu aliniuliza hivo hivo na buibui langu mwilini.

Kuna bendi yaitwa Voice of Baceprot. Ni wasichana watatu wa Garut, Java Magharibi, Indonesia. Marsya gitaa na sauti, Widi besi, Sitti dramu. Waislamu, wavaa hijabu jukwaani, walikutana shule ya Kiislamu 2014 na mwalimu wao ndie aliewaonesha mziki huu. Kwao walitukanwa, wakaambiwa ni haramu, ni aibu, mtoto wa kike na gitaa wapi na wapi, na jibu lao wakaliandika kuwa wimbo, wamuomba Mungu awaruhusu wapige mziki tu kwani hawakuua mtu. 2023 wakatoa albamu Retas. 2024 wakapanda jukwaa la Glastonbury, Uingereza, bendi ya kwanza ya Indonesia kufika pale.

Retas haina mafuvu. Ina hasira, ndio, lakini ni hasira ya msichana aliechoka kuambiwa mwili wake ni mali ya mtaa mzima. Besi ya Widi ndio uti wa mgongo wa ile albamu, yapigwa kwa kuchapwa vidole mpaka waskia nyuzi zagonga mbao. Kwa upande wa kurekodi si albamu ilosafishwa sana, nyimbo nyingine zafanana, nasema ukweli japo nawapenda. Lakini mpe mwanao huyo uone kama atakuja na misalaba iliopinduliwa.

Nyingine kwa nyumba yenye wazee: Bloodywood wa New Delhi. Albamu yao ya pili Nu Delhi ilitoka Machi 2025, nyimbo nane tu, fupi, haina mafuta ya ziada. Waweka dhol ndani ya metali, ile ngoma ambayo sisi sote tumeiskia ikipita barabarani kwenye harusi za Wahindi, na filimbi juu yake, mmoja anguruma kwa Kihindi na Kipunjabi mwingine arapu kwa Kiingereza. Kuna wimbo Tadka, wote ni wa chakula tu, mapenzi ya mtu na viungo vya jikoni. Nliuweka jikoni nkisaidia kukaanga vitunguu vya biriani, mamangu hakusema kuzima. Akasema punguza. Hio kwetu ni ruhusa.

Na mwenye kutaka mwanamke mwenye sauti mbili ndani ya koo moja amtafute Courtney LaPlante wa Spiritbox, Tsunami Sea, Machi 2025. Yuabembeleza, kisha anguruma, bila kuvuta pumzi ya kukuonya.

@KusiMkali umetaja wanaume watupu kwenye bandiko refu kama daraja la Nyali. Nimekuona.

---

Kijana_Mtongwe

Dada umemaliza 😂

Mi nataka kuwatetea Sleep Token kabla hamjaanza kuwatukana maana najua mwaja. Even in Arcadia, Mei 2025, ilishika namba moja Marekani na Uingereza, bendi ya watu waliofunika nyuso hata majina hawasemi. Mara ni piano, mara ni R&B kabisa ya usiku, Caramel ina biti ya regeton ambayo DJ wa matatu ya Likoni angeichanganya na mtu asishtuke, kisha ndani yake metali yalipuka. Nyinyi wakubwa mwasema si metali. Sawa, lakini mi nliingia mlango huo ndio leo naskiza hadi hio Opeth yenu, kwa hivyo mlango ni mlango.

Na Ghost, Skeletá, Aprili 2025, nao wakashika namba moja kwenye chati ya Marekani, Billboard 200, mara yao ya kwanza. Jirani hao ndio wenye mavazi ya kipapa na nyuso za mafuvu, kwa hivyo picha zao usimuoneshe mama mtoto. Lakini nyimbo zenyewe ukiziskiza ni za moyo tu, mtu aliachwa, mtu ajisamehe, mtu aogopa kuzeeka. Ni tamthilia. Na kwenye ziara yao ya albamu hio simu zilifungiwa kwenye vifuko mlangoni, hakuna kurekodi. Hilo jambo harusi za Mombasa zingeiga.

---

FundiSpika

Naingia kwa upande wa kazi yangu kwa sababu hakuna aliegusa.

Mimi hufunga sauti za harusi na mikutano, na tatizo la watu kusema metali ni kelele nusu yake si mziki, ni vile wauskiza. Faili la kuokoteza la 96 (yaani kilobiti 96 kwa sekunde), spika ya simu, ndani ya tuktuk. Gitaa la metali limejaa mawimbi ya juu na ya kati yaliosongamana, na hayo ndio ya kwanza kuharibika faili likibanwa. Matoazi yageuka mvua ya mchanga. Besi haipo kabisa. Sasa hapo utaskia nini isipokuwa kelele?

Spotify iko Kenya tangu Februari 2021, kwa mwenye kulipia kuna kiwango cha 320. Hesabu ya bando nimewapigia: hio Metallica ya dakika 77 kwa 320 ni kama MB 185. Kwa 96 ni kama MB 55. Kwa hivyo usistrimu barabarani, shusha usiku kwenye waifai ya watu, skiza kesho na hedfoni za waya hata za bei ya chini. Blood Incantation kwa 320 haizidi sana MB 100. Nafuu kuliko video mbili za umbea.

Jambo la pili, si kila albamu mbaya maskioni ni kosa lako. Metallica hao hao 2008 walitoa Death Magnetic, ikapandishwa sauti juu mpaka mawimbi yakakatika vichwa, yaani dramu na gitaa zote zimegonga dari hazina pa kupumua, mashabiki wakaandika hadi malalamiko ya kutaka ichanganywe upya. Wakaja kugundua nyimbo hizo hizo ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zaskika vizuri zaidi kwa kuwa hazikubanwa vile. Tangu hapo wengi wameamka. Opeth hii ya juzi ina nafasi, sehemu ya polepole ni ya polepole kweli, ukipandisha sauti usikie filimbi basi kaa tayari gitaa likirudi litakutoa kitini. Hio ndio raha yake lakini kama una mtoto amelala usijaribu.

Kwa spika kubwa ya harusi nshawahi kujaribu Gojira, Fortitude ya 2021, wakati wa kupima mitambo uwanjani kabla watu hawajafika. Wallahi. Mario Duplantier, mpiga dramu wao, na kiki zake mbili, kila pigo latoka peke yake, halijachafuka. Wapishi waliacha masufuria wakaja kutazama.

---

KusiMkali

BintiTudor nimepokea 🙏🏾 na Fundi hio hesabu ya MB naibandika ukutani.

Mzee nakuheshimu, na Invincible Shield naipenda, ila hapo kwa wimbo wa kuimbika hatukubishana kamwe. Ninachokataa ni mtu kuskia kiitikio kimoja akafunga kesi.

Gojira umenikumbusha. Fortitude ina wimbo Amazonia, mapato waliyakusanyia watu wa asili wa Brazil wanaonyang'anywa misitu, na ndio hao Gojira Julai 26, 2024 waliopiga ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, wametundikwa kwenye madirisha ya jumba la Conciergerie na moto watoka juu, pamoja na Marina Viotti mwimbaji wa opera. Dunia nzima ikaona metali usiku ule, bibi zetu walioketi mbele ya TV wakingoja kuwaona wakimbiaji wetu nao wakaiona. Wimbo ule wa Olimpiki ukawapa Grammy mwaka ulofuata.

Ila sasa nataka kurudi nyumbani, maana twazungumza Sweden na Denver kama Afrika haipo.

Kenya tuna mtu. Martin Kanja, ajiita Lord Spikeheart. Kabla alikuwa nusu ya Duma, yeye na Sam Karugu, wakatoa albamu Duma 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda, waliirekodi Kampala. Ile si metali ya gitaa na jukwaa. Ni mashine za ngoma zaenda kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi, na juu yake mayowe. Magazeti ya Ulaya yalichanganyikiwa hayajui yaiweke kabati gani. Kisha 2024, Aprili, akatoa yake peke yake, The Adept, chini ya lebo yake mwenyewe Haekalu. Na ameitoa kwa heshima ya nyanya mkuu wake Muthoni wa Kirima, yule field marshal wa Mau Mau, aliefariki Septemba 2023. Sasa nambie, mtu wa ukoo huo akipiga yowe, lile yowe ni la shetani ama ni la msituni? Jirani hapo ndipo jibu langu kwako. Sauti hio hutumika kusema mambo ambayo ukiyasema kwa upole yaonekana uongo.

Simwambii mtu The Adept ni rahisi. Yachosha. Wageni ni wengi, nyimbo nyingine ni kama kusimama karibu na jenereta la hoteli. Lakini iskize saa moja usiku taa zimezimwa uone kama utaisahau.

Togo kuna Arka'n Asrafokor wa Lomé, Dzikkuh, 2024. Waimba Kiewe, Kifaransa na Kiingereza, na ngoma za kwao pamoja na kengele za chuma hazikuwekwa kama pambo la mwanzo wa wimbo halafu zikafichwa, zaongoza. Kijana_Mtongwe hini ndio mlango wako unaofuata. Rifu zao zimekaa ndani ya pigo la ngoma vile chakacha huweka miguu mahali ambapo hukutarajia, kiuno chajua kabla ya kichwa. Mtu wa pwani hatahitaji maelezo. Kinyume chake, mzungu wa kawaida pale huhesabu vidole.

Madagascar, jirani yetu wa bahari, LohArano wa Antananarivo, watatu tu, wachanganya tsapiky, mziki wa kwao wa kucheza, na metali na mwanamke ndie amesimama mbele. BintiTudor hio ni yako nimejifunza 😅

Na kwa wale wa taarab kabisa, Myrath wa Tunisia. Karma, Machi 2024. Nasema wazi hapa sikufurahi sana, kwa sababu albamu zao za nyuma, Legacy ya 2016 na Shehili ya 2019, fidla za Kiarabu zilikuwa mbele kabisa unaeza kudhani watu wa Old Town wameshika gitaa la umeme, na kwenye Karma wamezirudisha nyuma wakaleta kinanda na viitikio vikubwa vya uwanjani. Zaher Zorgati bado sauti anayo, ile ya kupinda noti kama mtu wa kasida. Lakini mwanzo nao anzia Shehili, kisha uje Karma ujiamulie.

---

Mzee_wa_Makaseti

Hio Togo nimeijaribu sasa hivi. Sikutarajia. Kile chuma chagonga wakati wote na hakichoshi. Nitaimaliza kesho baada ya alasiri inshallah, usiku huu macho hayako.

Nimesahau kuwatajia Coroner wa Uswisi, Dissonance Theory, Oktoba 2025. Albamu yao ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa Grin ya 1993. Miaka 32! Watoto wamezaliwa wameoa. Na wamerudi hawakurudi kunung'unika, vidole bado vyakimbia. Watatu tu lakini waskia kama watu watano.

---

Jirani_Mpole

Nimekaa na kijana tukaskiza hio ya Indonesia pamoja, nzima, Retas. Sikuielewa yote lakini yeye alikuwa anitafsiria nyimbo za Kiingereza na huo ulikuwa mazungumzo marefu zaidi tuliofanya tangu afungue shule. Mama bado hataki. Ameuliza kama hawa wasichana waswali. Nimemwambia sijui muulize BintiTudor.

---

BintiTudor

Mwambie shangazi wana wimbo mzima wa kumuomba Mungu, sijui wengine wa bongo fleva wana wangapi 😌

---

Kijana_Mtongwe

Wadau Megadeth nao? Mustaine alitangaza Agosti 2025 kuwa albamu inayofuata ndio ya mwisho na ziara ya kwaheri. Tuipe uzi wake ama tuiweke hapa hapa?

---

KusiMkali

Uzi wake, na utaufungua wewe. Lakini uiskize kwanza.

---

Mzee_wa_Makaseti

FundiSpika, swali la mwisho kabla sijalala. Invincible Shield nimeinunua kwa mtandao, kijana wangu wa Dubai alinilipia, faili zimekuja kubwa kubwa, nimezitia kwenye flashi redio ya Probox haizisomi. Yaandika hakuna faili.

---

FundiSpika

Ami hizo ni FLAC, aina ya faili kubwa la sauti, redio nyingi za gari za hapa hazizijui. Lete flashi Jumamosi asubuhi nikugeuzie ziwe mp3 za 320, hutaona tofauti ndani ya Probox yenye dirisha wazi. Na uiformati kwanza iwe FAT32, kama ni ya zaidi ya GB 32 njoo na ndogo. Ijumaa usije, nna harusi Bamburi.